Mnapimaje zana za kuchanganya huduma za wavuti kabla ya kuziweka kwenye katalogi ya maktaba?

rafu_ya_juu (mtoa mada)

Wakuu, habari zenu. Naomba uzoefu kwa wanaoshughulika na mifumo ya maktaba.

Mimi ni mkutubi kwenye maktaba ya chuo, na tovuti ya katalogi iko mikononi mwangu. Tunatumia Koha, programu huria ya kuendeshea maktaba. Uongozi umeomba katalogi iache kuwa orodha kavu ya majina ya vitabu. Wanataka msomaji akitafuta kitabu aone jalada lake, aone yaliyomo kwenye matoleo mapya ya majarida ya fani yake, na aone kwenye ramani nakala iko tawi gani. Vitu hivyo karibu vyote vipo tayari kwa watu wengine huko nje. Kazi ni kuvivuta na kuvikalisha pamoja na rekodi zetu.

Njia zilizoletwa mezani ni tatu. Ya kwanza ni huduma ya mtandaoni: unaburuta visanduku, unaviunganisha kwa mistari, huandiki msimbo hata kidogo. Ya pili ni programu huria ya aina hiyohiyo, ila unaisimika kwenye seva yako mwenyewe. Ya tatu ni kuandika msimbo wetu wa JavaScript, ule unaoendeshwa na kivinjari cha msomaji, na kuuweka ndani ya Koha.

Nimeambiwa niandae jedwali la kuzilinganisha, nizipe alama, nipeleke kikaoni. Nimeanza na vigezo ambavyo kila mwongozo unavitaja: bei, urahisi wa kujifunza, idadi ya huduma zinazoweza kuunganishwa, mwonekano, usaidizi. Nikijaza, ile ya kuburuta visanduku inaongoza kwa mbali. Lakini nikilitazama jedwali roho haitulii. Vigezo hivi naviona vinamfaa mtu anayechagua zana ya tovuti yake binafsi. Sisi tuna rekodi zilizojengwa na wakutubi wengi, wengine wameshastaafu, na wasomaji wanazitegemea kila siku.

Ninyi mlioishi na vitu hivi mnapima nini? Kigezo gani ungekiweka juu ya vyote? Na mnajaribuje kwa vitendo? Maana kwenye maonyesho ya wauzaji kila kitu hufanya kazi.

Nawasilisha.

dawati_la_nyuma

Mkuu, roho yako haijakudanganya. Jedwali lako linaipima zana ikiwa na afya. Mimi naanzia upande wa pili: chanzo cha nje kikinyamaza, ukurasa wako unabaki na nini, na nani hapo kwenu anaweza kuurekebisha? Hicho nakiweka juu ya bei na juu ya mwonekano.

Tazama yaliyotokea. Yahoo Pipes, ambayo wakutubi wengi waliitumia kuchanganya milisho ya RSS (orodha za mambo mapya ambazo tovuti huzitoa) bila kuandika msimbo, ilianza 2007 ikafungwa Septemba 2015. Microsoft Popfly ilianza mwaka huohuo wa 2007, na 2009 haipo tena. Google Mashup Editor nayo iliishia 2009. Upande wa vyanzo hali ni hiyohiyo. xISBN ya OCLC, ushirika wa maktaba wa kimataifa, ambayo ukiipa ISBN moja (namba ya utambulisho wa kitabu) inakurudishia ISBN za matoleo mengine ya kitabu hichohicho, ilifungwa 2016. Goodreads, mtandao wa wasomaji wa vitabu, waliacha kutoa funguo mpya za API (mlango wa programu kuomba data) Desemba 2020. Hawa wote ni majina makubwa, hakuna wa kichochoroni. Sasa weka pembeni yao OAI-PMH (itifaki ya kuvuna rekodi) toleo la 2.0, la mwaka 2002, ambalo Koha yako inalizungumza hadi leo, au MARC (muundo wa rekodi za katalogi) iliyoanza miaka ya 1960. Rekodi zako zitaishi kuliko zana yoyote utakayoichagua kwenye jedwali hilo, kwa hiyo lazima ujue mapema siku zana ikiondoka itaondoka na nini.

Sisemi usizitumie. Majalada yanasaidia sana wasomaji, hasa wale wanaokumbuka kitabu kwa sura kuliko kwa jina. Nasema usiachwe kwenye mataa.

Jaribio ninalolifanya ni hili. Chukua kompyuta moja. Kwenye faili la hosts, linaloiambia kompyuta jina la tovuti liko anwani gani, elekeza jina la chanzo cha nje, mathalani covers.openlibrary.org (seva ya majalada ya Open Library, katalogi huria ya mtandaoni), kwenda 0.0.0.0, anwani isiyofika popote, kisha fungua katalogi. Hapo ni kama chanzo kimekataa papo hapo, na zana nyingi hufaulu. Halafu fanya lililo gumu zaidi: mwombe mtu wa mtandao aweke kanuni ya kuyameza maombi yote yanayokwenda kwenye chanzo hicho, bila kurudisha jibu lolote. Haya ndiyo maisha yenyewe, kwa sababu chanzo mara nyingi hakifi, kinakawia tu. Kama zana imeweka skripti yake kwenye kichwa cha ukurasa bila async wala defer (maneno yanayokiambia kivinjari kisisimame kuisubiri), kivinjari kinakaa kuisubiri. Msomaji anaona ukurasa mweupe. Jina la kitabu, namba ya rafu, hali ya kuazimwa, vyote viko kwenye seva yako wala havimhitaji mtu wa nje, lakini vimezuiwa na picha ya jalada isiyokuja.

Hili nimeliona kwenye maktaba moja niliyokuwa naisaidia. Ilikuwa msimu wa mitihani, wanafunzi wamejaa dawatini wanauliza kama kitabu kipo, na wahudumu wanakimbia rafuni kuangalia kwa macho. Katalogi yenyewe ilikuwa nzima muda wote huo. Tangu hapo, zana isiyoonyesha rekodi kwanza na mapambo baadaye sipotezi muda kuipima vigezo vingine.

Cha pili ni namna zana inavyolinganisha rekodi yako na ya nje. Hapa ndipo maktaba nyingi huuziwa mbuzi kwenye gunia, kwa sababu muuzaji anaonyesha kwa vitabu vipya vyenye ISBN safi. Wewe mpelekee zile zako chafu. Fungua uga 020, ule wa ISBN, kwenye rekodi za zamani utaona mwenyewe: moja ina tarakimu 10, nyingine 13, nyingine ina vistari, nyingine ina maneno ya "jalada gumu" yamebandikwa kwenye sehemu ya $a pamoja na namba, nyingine ina ISBN ya seti nzima juu na ya juzuu chini. Zana inachukua ipi?

Tangu Januari 2007 ISBN ni tarakimu 13, na kuna zana zinazouliza kwa hizo 13 tu. Basi ni lazima zana ijue kuzigeuza za zamani. Chukua 0306406152. Ile 2 ya mwisho ni tarakimu ya ukaguzi, iondoe. Tanguliza 978, unapata 978030640615. Zidisha tarakimu kwa 1 na 3 kwa kupokezana kuanzia kushoto, jumlisha, jibu ni 93. Kufika 100 zimepungua 7, kwa hiyo ISBN kamili ni 9780306406157. Nimekutana na zana inayobandika 978 mbele na kuiacha ile 2 palepale. Namba inayotoka ni batili, chanzo hakipati kitu, na zana inaripoti kwamba kitabu "hakina jalada". Mkutubi ataamini hivyo, kwa nini asiamini? Na ISBN zinazoanza na 979 hazina tarakimu 10 hata kidogo, kwa hiyo zana inayogeuza kila kitu kuwa 10 kabla ya kuuliza itakosea kwa vitabu vipya.

Halafu kuna vitabu visivyo na ISBN: tasnifu, ripoti, vitabu vya kabla ya 1970. Uliza zana inafanya nini hapo. Ikisema "natafuta kwa jina la kitabu", kaa chonjo. Majina kama "Misingi ya Uchumi" au "Historia Fupi" yanashirikiwa na vitabu chungu nzima. Bora kitabu kisiwe na jalada kuliko kiwe na jalada la kitabu kingine, kwa sababu msomaji ataenda rafuni kutafuta rangi aliyoiona kwenye skrini na atarudi kusema hakipo.

Cha tatu, njia ya kutoka. Ulichokijenga unaweza kukitoa kwa umbo gani? Huduma nyingi za visanduku kazi yako inabaki kwao. Ukiondoka unaondoka na picha za skrini.

Kwa njia zako tatu ningesema hivi. Majalada hayahitaji zana yoyote kati ya hizo: Koha ina mpangilio wa OpenLibraryCovers, uwashe uanze nao. Ukiandika skripti yako mwenyewe, ongeza ?default=false mwishoni mwa anwani ya jalada. Bila hiyo Open Library wasipokuwa na jalada wanakurudishia picha tupu. Ukiiweka unapata 404, yaani jibu la "haipo", na hapo unaweza kuonyesha alama yako mwenyewe. Yaliyomo kwenye majarida yavute Crossref, hazina ya taarifa za makala za kitaaluma, kwa ISSN (namba ya utambulisho wa jarida). API yao ni bure, haihitaji ufunguo, na ukiweka barua pepe yako kwenye ombi unahudumiwa kwenye foleni ya wateja waungwana. Kazi hiyo inafaa njia ya pili, ikimbie kwenye seva yako usiku na kuhifadhi matokeo. Ramani ya matawi usiisumbukie: matawi hayahami, weka ramani huria ya OpenStreetMap kwa Leaflet (zana ya JavaScript ya kuonyesha ramani) na alama zake, basi.

visanduku_na_mistari

Nakubaliana na mkuu hapo juu kwa mengi, hasa lile la kumeza maombi, nimelichukua. Ila naomba tusizitishe maktaba ndogo. Kwangu hakuna mtu wa kuandika JavaScript. Niko mimi na mwenzangu wa katalogi. Bila zana za visanduku tungekaa tunasubiri mtu wa TEHAMA mwaka mzima.

Tunatumia Node-RED, programu huria ya visanduku, kwenye seva yetu. Mtiririko mzima unautoa kama faili moja la JSON, unaliweka pamoja na nakala za akiba za katalogi, kwa hiyo lile la njia ya kutoka kwangu limekaa vizuri. Na kuna faida ambayo jedwali la mtoa mada halijaitaja: mwenzangu akifungua mtiririko anaona data inapita wapi. Anaweka kisanduku cha kuchungulia katikati, anaona rekodi imefika na ISBN yenye vistari, anajua pa kurekebisha. Ningempa skripti ya mistari mia angeikimbia.

Kwa hiyo kwenye "nani anaweza kuurekebisha", mtoa mada usijibu kwa cheo. Jibu kwa mtu aliyepo kazini jioni, wewe ukiwa likizo. Mpe zana iliyoharibika makusudi, ukae pembeni uangalie.

sauti_ya_ukurasa

Naongeza mawili ambayo sijayaona juu.

Nahudumia wasomaji wasioona, wanaosikiliza ukurasa kwa kisoma skrini. Zana za kuchanganya zina tabia ya kuweka jina la kitabu kama maelezo ya picha ya jalada, jina lilelile kama kiungo, na jina lilelile tena ndani ya kisanduku cha "zaidi kuhusu". Msomaji wangu anasikia jina refu la kitabu mara tatu kabla hajafika kwenye namba ya rafu, na matokeo yako hamsini. Jalada lililo kando ya jina liwe na maelezo matupu, alt="", kisoma skrini kilipite. Na jaribu kutembea ukurasa mzima kwa kitufe cha Tab bila kugusa kipanya. Visanduku vya kuchomoza ambavyo haviwezi kufungwa kwa kibodi vinamnasa mtu humo ndani.

La pili ni faragha. Kila jalada linalovutwa moja kwa moja na kivinjari cha msomaji linaiambia seva ya nje mambo mawili: anwani ya IP na ISBN anayoitazama. Fikiria msomaji anayesoma kuhusu ugonjwa aliogundulika nao, au kuhusu talaka. Maktaba hutunza siri ya mtu anachosoma, halafu tunaitoa nje kwa ajili ya picha. Na skripti ya nje ikishaingia kwenye ukurasa inaweza kusoma kila kilichomo, pamoja na namba ya kadi na nywila zikiandikwa hapo. Kwangu ukurasa wa kuingia na ukurasa wa akaunti ya msomaji hauwekwi skripti ya mtu yeyote wa nje, hata awe nani.

rafu_ya_juu (mtoa mada)

Wakuu, mmeshusha nondo. Nashukuru kwa dhati.

Nimefanya majaribio kabla sijarudi hapa. Ile huduma ya visanduku ilipita jaribio la hosts vizuri kabisa, nikafurahi. Maombi yalipomezwa, ukurasa wa matokeo ukawa mweupe kama alivyosema dawati_la_nyuma. Ndani ya msimbo wa ukurasa nimekuta skripti yao iko juu kabisa, na hakuna mahali pa mimi kuihamisha. Kwenye jedwali langu imeshuka kutoka nafasi ya kwanza, na nimewaandikia kuwaeleza sababu, maana nadhani wanaweza kulirekebisha wakitaka.

Node-RED nimempa mwenzangu wa dawati la kuazima mtiririko ambao nimeuharibu kwenye sehemu ya ISSN. Ameipata hitilafu mwenyewe na kuisawazisha. Hilo limenishawishi kuliko alama zote.

Kwenye ISBN nimechukua rekodi za rafu ya sayansi, ambazo ni za zamani, nikaona tatizo la uga 020 ni kubwa kuliko nilivyodhani. Kuna rekodi ambazo maneno yako kabla ya namba. Nimeanza kuzisafisha kwa OpenRefine, programu ya kusafisha data, kwanza, kabla ya zana yoyote, kwa sababu naona kazi hiyo itabaki na faida hata mradi huu ukisimama.

Swali lililobaki linatokana na alichosema sauti_ya_ukurasa. Nimefikiria seva yetu iwe mpatanishi: kivinjari kiombe jalada kwetu, sisi ndio tuombe Open Library, ili wao waione IP ya seva tu. Nilipojaribu, majalada yalikuja vizuri kwa muda, kisha yakakatika yote kwa pamoja. Baada ya dakika chache yakarudi. Tatizo liko kwangu au kwao?

dawati_la_nyuma

Ni kanuni yao, mkuu, siyo hitilafu. Ukiomba jalada kwa ISBN, Open Library wanaruhusu maombi 100 kwa kila IP ndani ya dakika 5. Ulipoifanya seva iwe mpatanishi, wasomaji wako wote wamekuwa IP moja. Kurasa mbili za matokeo hamsini hamsini zinamaliza kiwango. Na hata bila mpatanishi, chumba cha kompyuta kinachotoka mtandaoni kwa anwani moja kingekutana na ukuta huohuo.

Kwa hiyo usiulize kwa kila msomaji. Uliza mara moja kwa kila kitabu, kisha ukihifadhi kwako. Usiku, mtiririko wako wa Node-RED uchukue rekodi zilizoongezwa au kubadilishwa siku hiyo, utafute namba ya jalada kwa kila ISBN, uvute picha kwa namba hiyo kupitia /b/id/ badala ya /b/isbn/. Njia ya namba ya jalada haina kikomo hicho. Picha zipakie Koha kama majalada ya ndani na uwashe OPACLocalCoverImages. Kuanzia hapo msomaji anaongea na seva yako tu, faragha iko salama, na Open Library wakizimika majalada ambayo unayo tayari hayaondoki.

Kwa rekodi za zamani usiikombe API yao usiku kucha, wameomba watu wasifanye hivyo. Wana mafurushi ya majalada ya kupakua kwa wingi, anza na hayo. Vinginevyo nenda taratibu, rafu moja baada ya nyingine kadiri unavyosafisha uga 020, maana huna sababu ya kuomba jalada kwa ISBN ambayo bado ni chafu.

Lile la kuwaandikia wenye huduma ya visanduku umefanya vizuri. Wakikujibu kwamba wameihamisha skripti, irudie ile ya kumeza maombi kabla ya kuwarudishia alama. Na chini ya ukurasa wa kitabu weka kiungo cha kurudi Open Library, wanakiomba kwa hisani.